Mwongozo kamili: video za lugha ya ishara kwa wageni viziwi katika ngome na makavazi ya Mombasa, kwa programu huria

Nimeitwa mara kadhaa kuokoa kazi ya aina moja hapa Mombasa. Watu wema wamechangishana, wamenunua kompyuta ndogo, wamemrekodi mkalimani, wamebandika misimbo ya QR. Kisha mgeni kiziwi akaja, akatazama nusu dakika, akairudisha simu mfukoni na kuendelea kutembea kama aliyekuja bure.

Kila mara nimekuta kosa ni moja kati ya matatu. Manukuu yameandikwa kwa lugha ambayo mgeni hakufundishwa kuisoma. Au video inamtaka atazame mikono na ukuta kwa wakati mmoja. Au simu imeukataa mtandao na ukurasa haufunguki. Mwongozo huu umepangwa ili yote matatu yaepukwe. Mifano yangu mingi ni ya Fort Jesus kwa sababu wengi wanaifahamu, lakini njia ni ile ile kwa jumba la kale la Ndia Kuu au chumba kimoja cha maonyesho shuleni.

## Unachohitaji

Watu ndio wa kwanza kutafutwa, vifaa baadaye:

- Viziwi wawili wazoefu wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Mmoja ataonekana kwenye video, wa pili atamsahihisha.
- Mkalimani mmoja wa kuwaunganisha na nyinyi mnaosikia wakati wa mikutano. Kazi yake inaishia hapo.
- Mtu anayeijua habari ya mahali penyewe na asiyechoka kuulizwa.
- Mtu mmoja asiyeogopa kompyuta. Mwanafunzi wa chuo anatosha.

Vifaa:

- Simu ya Android yenye kamera safi, na stendi ya kuishikilia.
- Kitambaa cha rangi moja kisichong'aa, mita 3 kwa 2.
- Kompyuta ya kawaida ya kuhariria.
- Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo kama kiganja, itakayogawa video kwa simu za wageni), kadi ya memori ya GB 32, na chaja yake ya volti 5 na ampea 3. Usitumie chaja ya simu: kompyuta itajizima yenyewe na utalaumu programu.
- Betri ya akiba ya 20,000 mAh. Kompyuta hii hula takriban wati 5, hivyo betri nzima huivusha siku ya kazi.
- Kisanduku cha plastiki cha kuwekea Raspberry Pi, chenye matundu upande wa chini.

Programu zote ni huria na za bure: Open Camera ya kurekodia, Kdenlive ya kuhariria, Subtitle Edit ya manukuu, FFmpeg ya kupunguza uzito wa faili, nginx ya kugawa kurasa, qrencode na Inkscape za kutengeneza vibao. Nimeshikilia programu huria kwa sababu moja kubwa. Mradi wa makavazi hudumu kuliko fedha za mfadhili. Leseni ya kila mwaka ikikosa kulipwa, kazi ya viziwi ndiyo inayozimwa mwanzo.

Na karatasi mbili. Ya kwanza ni ruhusa ya kurekodi na kuweka vibao. Fort Jesus iko chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, na kwa majumba mengine utamwendea mwenyewe au kamati yake. Katika barua yako taja Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali na habari, na haki ya kutumia lugha ya ishara. Barua inayoomba hisani hujibiwa polepole kuliko inayokumbusha haki.

Ya pili ni ridhaa ya maandishi ya mwashiriaji, yaani yule kiziwi atakayeonekana kwenye video. Uso wake utakuwa kwenye simu za watu miaka mingi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusika. Andikeni video zitatumika wapi, nani anaweza kuzinakili, na anaweza kuomba ziondolewe vipi. Mkalimani amfafanulie kila mstari kabla ya kutia sahihi. Andikeni pia malipo. Mwashiriaji ni mtaalamu, na soda na nauli si malipo ya mtaalamu.

## Hatua ya 1: Tembea na kiziwi bila kumweleza chochote

Usianze na orodha ya vibao vilivyopo. Nenda na wale wawili mahali penyewe, asubuhi kabla watu hawajajaa, na uwaache watangulie. Wewe andika tu: wamesimama wapi, wamepita wapi bila kugeuka, wameuliza nini.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilikuwa na hakika kituo cha kwanza kitakuwa mizinga. Dada tuliyekuwa naye aliipita. Alikwenda kusimama kwenye kisima, akachungulia, akageuka na kuuliza kwa mikono: waliofungiwa humu, maji walikunywa haya? Ndani ya ngome iliyozingirwa miezi thelathini na mitatu, hakuna swali kubwa kuliko hilo, na halikuwa kwenye matini yetu. Tulilifanya kituo cha pili.

Chagua vituo vinane hadi kumi, si zaidi. Macho ya kiziwi ndiyo yanayofanya kazi yote, na huchoka.

Utajua umefaulu ukiwa na orodha ya vituo ambayo angalau nusu yake wameichagua viziwi wenyewe.

## Hatua ya 2: Amua lugha, na usikisie

Hapa ndipo kazi nyingi hufa, na hufa kwa nia njema.

Mtu wa Mvita akifikiria manukuu, hufikiria Kiswahili, kwa sababu ni lugha ya mji na haina gharama. Lakini katika shule za viziwi nchini, mwanafunzi husoma na kutahiniwa Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili. Viziwi wengi waliopitia shule hizo wanasoma Kiingereza kuliko Kiswahili, na lugha wanayoimiliki kabisa ni ya ishara. Ukimwekea kiziwi wa Likoni aya tatu za Kiswahili fasaha, umemwandikia jirani yake.

Kwa hiyo mpangilio ni huu:

1. Lugha ya Ishara ya Kenya ndiyo lugha kuu ya video, na mwashiriaji anajaza fremu. Kale kasanduku kadogo ka mkalimani kwenye pembe ya taarifa ya habari kasahau. Vidole havionekani kwenye simu.
2. Manukuu ya Kiingereza chepesi, yakiwa yamewashwa tayari.
3. Manukuu ya Kiswahili kwa anayeyachagua: waliopoteza usikivu ukubwani, wazee wanaosikia kwa shida, na jamaa waliofuatana na mgeni.

Kumbuka pia kwamba lugha ya ishara si moja duniani. Kiziwi wa Tanga ana Lugha ya Alama ya Tanzania, Mmarekani ana yake. Hao watasaidiwa na manukuu na picha. Usijaribu kuchanganya ishara za nchi tatu ili kuwafurahisha wote; utapata video isiyoeleweka na yeyote.

Onyo: Usimtumie mkalimani anayesikia kama mwashiriaji ikiwa kiziwi yupo. Mkalimani bora bado anatoka kwenye sauti. Kiziwi anaanza na picha, na mgeni kiziwi huitambua tofauti hiyo mara moja.

## Hatua ya 3: Andika matini inayoweza kuashiriwa

Maneno ya kibaoni hayafai kupelekwa kwenye mikono jinsi yalivyo. Chukua sentensi ya aina tunayoizoea:

*"Mzingiro wa Waomani, ulioanza Machi 1696 na kudumu takriban miezi thelathini na mitatu, ulihitimishwa Desemba 1698 kwa kuanguka kwa ngome iliyokuwa imedhoofishwa na maradhi na njaa."*

Sentensi hii inaficha nani alifanya nini. Ivunje namna hii:

*Mwaka 1696. Mahali: ngome hii. Ndani: Wareno, na watu wa pwani waliokuwa upande wao. Nje, pande zote: Waomani. Wanasubiri. Miezi 33. Ndani chakula kinapungua, watu wanaugua, wanakufa. Mwaka 1698 Waomani wanaingia. Ngome ni yao.*

Wakati umekuja mwanzo, mahali pa pili, kisha watu wamepangwa. Mwashiriaji ataiweka ngome hewani mbele ya kifua chake, Waomani kuizunguka, na kuanzia hapo atawaonyesha kwa mwelekeo wa mkono tu. Ndiyo maana matini huandikwa kama ramani ya mahali na matukio. Mpe mistari hii, umweleze, kisha umwachie aipange upya kwa sarufi ya lugha yake. Usimshikilie neno kwa neno.

Majina ni kazi ya peke yake. Mazrui, Mandhry, na ile meli ya Kireno Santo António de Tanná iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697: yote yatatajwa kwa herufi za vidole, na hilo huchosha mtazamaji. Kaeni na wale viziwi wawili mkubaliane ishara fupi ya kila jina. Katika kituo cha kwanza jina linatajwa kwa herufi likifuatiwa na ishara yake, na baada ya hapo ishara peke yake. Andikeni orodha, kwa sababu siku ya pili ya kurekodi lazima mtu atasahau.

### Macho hayawezi kuwa mahali pawili

Mgeni anayesikia huangalia mzinga huku masikio yakipokea maelezo. Kiziwi hawezi. Akiitazama video, haioni ngome. Akiitazama ngome, video inampita. Video nyingi nilizoombwa kurekebisha zinaashiria dakika nne mfululizo mbele ya kitu ambacho mgeni hakupewa nafasi ya kukitupia jicho.

Dawa yake iko kwenye matini, hakuna programu itakayoitengeneza baadaye. Kila video isizidi sekunde 90 na iwe na sehemu tatu:

- Sekunde 20 hadi 30 za kumwambia atafute nini: "Juu kushoto, kuna tundu. Liangalie umbo lake."
- Sekunde 8 za kimya cha mikono. Mwashiriaji anageuza kichwa na macho upande wa kitu chenyewe, na kwenye skrini panatokea mshale na saa inayohesabu kurudi nyuma. Mgeni anainua kichwa, anatazama, anarudi.
- Sehemu iliyobaki: maelezo ya alichokiona.

Sekunde nane zinaonekana nyingi ukiwa kwenye kiti cha mhariri. Ukisimama juani mbele ya ukuta wenyewe, utaziona hazitoshi.

Utajua umefaulu kiziwi wa pili, ambaye hajaiona matini, akimtazama wa kwanza akiashiria kisha akakuonyesha kwa kidole kitu kinachozungumziwa bila kuuliza.

## Hatua ya 4: Rekodi

Rekodi ndani ya chumba, si mbele ya ngome. Juani kivuli cha mkono huanguka usoni, upepo wa kusi hupeperusha nguo, na wapita njia huvuta macho. Picha za ngome zitaingizwa wakati wa kuhariri.

Mweke mwashiriaji mita moja mbele ya kitambaa ili kivuli chake kisikiangukie. Fremu ianzie kiganja kimoja juu ya kichwa na kuishia nyongani, na pande zote mbili pabaki nafasi ya viwiko vilivyonyooshwa. Shikilia simu kwa upana. Taa mbili, moja kila upande, juu kidogo ya macho. Dirisha likiwa nyuma yake, lifunge.

Nguo iwe ya rangi moja, tofauti na ngozi na tofauti na kitambaa. Kanga yenye jina ni nzuri mahali pake, lakini hapa maua na maandishi yake yatashindana na vidole. Bangili, pete na saa zivuliwe. Hina ya mikononi si kosa, mradi taa zitoshe.

Uso ni sehemu ya sarufi. Nyusi zinatofautisha swali na taarifa, mdomo unaongeza maana, kwa hiyo uso lazima uonekane wote. Katika mji wetu hili lina adabu yake: dada anayevaa nikabu asiombwe hata kwa mzaha kuivua. Atakuwa msahihishaji bora, na kazi ya mbele ya kamera ifanywe na mwengine.

Katika Open Camera chagua azimio la 1080p na fremu 60 kwa sekunde ikiwa simu inaweza, la sivyo 30. Funga kiwango cha mwanga na fokasi kabla ya kuanza. Usipofunga, kila mkono ukipita mbele ya uso kamera itatafuta fokasi upya na picha itafifia. Mwanga ukiwa mdogo, kamera huacha kila fremu wazi kwa muda mrefu na vidole vinakuwa ukungu. Dawa ni kuongeza taa.

Utajua umefaulu ukisimamisha video popote katikati ya mwendo na ukaweza kuhesabu vidole.

## Hatua ya 5: Hariri na upunguze uzito

Katika Kdenlive kata mwanzo na mwisho, weka picha ya kitu, mshale, na saa ya sekunde nane. Usiongeze kasi ya video ili kubana muda. Ikizidi sekunde 90, rudi kwenye matini. Sauti ya msomaji weka ukipenda, ili mtoto anayesikia afuatane na mama yake kiziwi kituo kwa kituo.

Mwashiriaji akae na mhariri, bega kwa bega. Mhariri asiyejua ishara hukata mkono kabla ishara haijamalizika, kama anayekata neno katikati, na hawezi kujua amefanya hivyo.

Faili iliyotoka kwenye Kdenlive ni nzito. Ipitishe kwenye FFmpeg:

```
ffmpeg -i kituo1.mov -vf scale=-2:720 -r 30 -c:v libx264 -crf 23 -preset slow -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 64k -movflags +faststart kituo1.mp4
```

Sehemu ya faststart huiwezesha video kuanza kucheza kabla haijashuka yote. Namba ya crf (kiwango cha kubana video) ukiipandisha faili inapungua lakini vidole vinaanza kuchafuka, usipite 25. Video ya sekunde 90 kwa kiwango cha megabiti 1.5 kwa sekunde huwa karibu megabaiti 17, hivyo vituo kumi ni chini ya megabaiti 200. Kadi yako itabaki karibu tupu.

## Hatua ya 6: Manukuu

Katika Subtitle Edit andika mistari miwili kwa mara moja, isiyozidi herufi 37 hivi kila mmoja, na kila kipande kikae kwenye skrini sekunde tatu au zaidi. Mgeni anagawanya macho kati ya mikono na maandishi, kwa hiyo mpe muda kuliko ungempa mtazamaji wa sinema.

Kuna programu za kugeuza sauti kuwa maandishi, nazo Whisper ni mojawapo na ni huria. Kwa Kiingereza itakupunguzia kazi. Kwa Kiswahili chenye majina ya pwani itakuandikia maajabu, na hakuna njia ila kusoma kila mstari. Kwa video fupi hivi, naona ni haraka zaidi kuandika kwa mkono kutoka kwenye matini.

Hifadhi kwa muundo wa WebVTT, usimbaji wa UTF-8. Faili inaonekana hivi:

```
WEBVTT

00:00:02.000 --> 00:00:06.000
The year is 1696.
The fort is closed.
```

Onyo: Manukuu yasiyoonekana kabisa mara nyingi ni faili ya SRT, muundo mwingine wa manukuu, iliyobadilishwa jina tu. SRT hutumia mkato kabla ya milisekunde, WebVTT hutumia nukta, na mstari wa kwanza lazima uwe neno WEBVTT. Ibadilishe kwa amri: `ffmpeg -i kituo1.srt kituo1-en.vtt`.

## Hatua ya 7: Ukurasa na seva

Kila kituo kina ukurasa wake. Kiini chake ni hiki:

```
<video controls playsinline preload="metadata" poster="kituo1.jpg" width="100%">
  <source src="kituo1.mp4" type="video/mp4">
  <track kind="captions" src="kituo1-en.vtt" srclang="en" label="English" default>
  <track kind="captions" src="kituo1-sw.vtt" srclang="sw" label="Kiswahili">
</video>
```

Neno playsinline huizuia iPhone kufunika ukurasa wote na video. Chini ya video weka picha kubwa ya kituo kinachofuata na mshale. Usiweke aya za maelezo. Kama zingefaa, tusingerekodi.

Usijaribu ukurasa kwa kuubonyeza mara mbili kwenye folda. Chrome huzuia manukuu ya faili iliyofunguliwa hivyo, na utatafuta kosa lisilokuwepo. Ujaribu kupitia seva, yaani programu ya kugawa kurasa kama nginx.

Kwenye Raspberry Pi, ikiwa bado ina intaneti, na folda iitwayo ishara yenye kurasa, video na manukuu yako imeshanakiliwa humo:

```
sudo apt update
sudo apt install nginx qrencode
sudo cp -r ~/ishara/* /var/www/html/
```

Wengine hutumia seva ndogo inayokuja na Python kwa sababu ni amri moja. Video itacheza kwenye Android na kugoma kwenye iPhone, kwa kuwa iPhone huomba video vipande vipande na seva ile haijui kugawa vipande. nginx inajua.

## Hatua ya 8: Mtandao wa ndani usiohitaji bando

Mgeni asilazimike kununua data ili aelewe urithi wake. Raspberry Pi itatoa waifai yake yenyewe, isiyo na intaneti, yenye kurasa zako tu.

Kwanza fungua raspi-config, menyu ya mipangilio ya Raspberry Pi, na uchague Kenya kuwa nchi ya waifai. Ukiruka hapo redio hubaki imefungwa. Kisha:

```
sudo nmcli device wifi hotspot ifname wlan0 ssid ISHARA password karibu-mvita
sudo nmcli connection modify Hotspot connection.autoconnect yes
```

Amri ya kwanza itaikata kompyuta kutoka waifai ya ofisini, kwa hiyo maliza kusakinisha kila kitu kabla yake. Kwa kawaida anwani inakuwa 10.42.0.1. Ihakikishe kwa amri `ip addr`.

Kuta za matumbawe za ngome ni nene na hazipitishi waifai kutoka chumba hadi chumba. Usikiweke kisanduku ofisini ukatarajia kifike upande wa baharini. Kwa ua ulio wazi kisanduku kimoja hutosha. Kwa vyumba vilivyofungwa weka cha pili chenye nakala ya kurasa zote. Mahali penye makundi ya wanafunzi, ongeza ruta yenye programu huria ya OpenWrt, kwani antena ya ndani ya Raspberry Pi ni ndogo na simu zikizidi kumi hivi huanza kusuasua.

Sasa lile tatizo lililonipotezea siku mbili. Simu ikiona waifai haina intaneti, humwonya mwenyewe na mara nyingi hurudi kimyakimya kwenye data ya laini. Mgeni anaskani, ukurasa haufunguki, anadhani simu yake mbovu. Kwa hiyo kwenye kibao weka picha mbili: ya kitufe cha data kikiwa kimezimwa, na ya ujumbe wa onyo ukiwa na alama ya kidole kwenye chaguo la kubaki kwenye mtandao. Na getini pawe na tableti moja au mbili zilizounganishwa tayari, kwa mgeni asiye na simu janja.

Mwisho, stima ikikatika ghafla kadi ya memori huweza kuharibika. Betri ya akiba husaidia, lakini jifunge zaidi: ndani ya raspi-config washa mfumo wa overlay, unaoifanya kadi isiandikwe. Ukitaka kubadilisha video, uzime kwanza, la sivyo mabadiliko yako yatapotea ukiwasha upya.

Utajua umefaulu ukichomoa umeme, ukarudisha, na baada ya dakika mbili simu ya mtu mwengine ikafungua kituo cha kwanza bila wewe kugusa kitu.

## Hatua ya 9: Vibao

Kila kibao kina misimbo miwili yenye namba kubwa. Wa 1 unaunganisha mtandao, wa 2 unafungua ukurasa:

```
qrencode -l H -s 20 -o mtandao.png "WIFI:T:WPA;S:ISHARA;P:karibu-mvita;;"
qrencode -l H -s 20 -o kituo1.png "http://10.42.0.1/kituo1.html"
```

Herufi H huufanya msimbo usomeke hata ukikwaruzwa. Upana uwe sehemu ya kumi ya umbali wa simu: mgeni akisimama sentimita 60, msimbo usipungue sentimita 6. Katika Inkscape panga namba, picha za mikono ikiashiria, na jina la kituo. Plastiki ya kufunikia isiwe ya kung'aa, maana jua la alasiri litaifanya kioo. Urefu wa mita 1 hadi 1.2 humfaa pia aliye kwenye kiti cha magurudumu.

Usibandike chochote ukutani. Fort Jesus imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2011, na gundi hung'oa lipu ya chokaa pamoja na karatasi. Tumia stendi ya mbao.

## Hatua ya 10: Jaribu na wasiokujua

Tafuta viziwi watano ambao hawakushiriki kabisa. Waulizie kwenye chama cha viziwi au shule iliyo karibu, na uwalipe nauli na muda wao. Wawe wa umri mbalimbali, na mmoja awe hakumaliza shule.

Wape simu, waonyeshe kibao cha kwanza, ondoka. Usisaidie hata ukiona uchungu. Andika kila pahali walipokwama. Mwisho, kupitia mkalimani, usiwaulize kama wamependa, kwa sababu watu wetu ni waungwana na watasema wamependa. Waombe wakusimulie: kisima ni cha nini? Nani alikuwa ndani, nani nje? Wanachosimulia vibaya ndicho unachokwenda kukirekodi upya.

Nilipofanya hivi kwa mara ya kwanza, wanne kati ya watano walisimulia mzingiro kinyume: Waomani ndani, Wareno nje. Mwashiriaji wetu alikuwa amewaweka pande sahihi, ila mhariri aligeuza picha kama kioo ili ipendeze na mshale. Hakuna anayesikia aliyegundua, nami nikiwemo. Tuliirudia asubuhi iliyofuata.

Utajua umefaulu watatu wakisimulia sawasawa vituo viwili mnavyovichagua bila kuwaonya, na mmoja wao akiuliza swali ambalo video haikujibu.

## Baada ya kufungua

Toa video chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu kunakili kwa kutaja jina, ikiwa mwashiriaji ameridhia, ili shule za viziwi zizitumie bila kuomba. Weka nakala mbili za kadi nzima, moja nje ya jengo.

Hewa ya bahari hula vyuma. Kila mwezi fungua kisanduku, futa unyevu, chomoa na kuchomeka upya waya wa umeme, na kabla ya masika badilisha mpira wa kifuniko. Mfundishe mlinzi wa geti kuzima na kuwasha, pamoja na ishara tano: karibu, tiketi, choo, maji, tunafunga. Hiyo ya mwisho mfundishe kwanza, kwa sababu kengele ya jioni haitamfikia mgeni aliye peke yake juu ya buruji.